Benjamin Ayimba: Nahodha wa Raga Aliyegeuka Mwalimu

Ni jambo linalofahamika katika kila chuo cha mafunzo ya kijeshi na ya polisi kwamba si kila mlenga shabaha hodari aweza kumfundisha kuruta kulenga shabaha. Wako askari waliorudi kutoka mstari wa mbele na sifa tele, lakini wanapokabidhiwa vijana wapya wawafundishe hushindwa kueleza hata wao wenyewe walifanyaje. Katika michezo hali ni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuwaletee wasomaji wetu, hasa wale wanaosimamia timu katika kambi na vituo vyao, habari za marehemu Benjamin Ayimba wa nchi jirani ya Kenya. Bwana huyo alikuwa nahodha wa timu ya taifa lake ya raga ya wachezaji saba, kisha akawa kocha wa timu hiyo hiyo, na kwa maoni yetu alifanya kazi kubwa zaidi baada ya kuvua jezi kuliko alipokuwa ameivaa.

Raga si mchezo mgeni kwetu Uganda. Tangu mwaka 2004 timu yetu ya wachezaji kumi na watano imekuwa ikigombea Kombe la Elgon na Wakenya, na wale wanaofuata mashindano hayo wanajua kwamba mlima huo tunaoshiriki pande zote mbili haujapata kutuliza hasira za uwanjani. Lakini kuna raga nyingine, ya wachezaji saba kila upande, na ndiyo iliyomfanya Ayimba ajulikane dunia nzima. Tunaomba ruhusa ya kuieleza kidogo, maana bila ya kuifahamu mtu hawezi kuona ugumu wa kazi yake.

Uwanja wa raga una urefu wa mita 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi mwingine, na upana wa mita 70. Uwanja huo huo unaowatosha watu thelathini ndio unaoachiwa watu kumi na wanne tu. Tukiwapanga wachezaji saba wa upande mmoja kwa mstari ulionyooka, kila mmoja analinda mita kumi peke yake, na ikiwa mmoja ameanguka au amechelewa kuinuka, pengo lililobaki ni kubwa kiasi cha lori kupita. Mpira haurushwi mbele kwa mkono. Hurushwa nyuma au ubavuni. Kwa hiyo anayeshambulia anakimbia mbele huku msaada wake ukiwa nyuma, na asipowaamini wenzake kwamba wamemfuata, atanaswa peke yake. Kila kipindi ni dakika saba. Trai moja ni pointi tano, na teke linalofuata, likipita juu kati ya nguzo, huongeza mbili. Anayefanya madhambi huonyeshwa kadi ya manjano akatoka nje dakika mbili, na dakika mbili katika mchezo wa dakika kumi na nne si jambo la mzaha.

Dakika kumi na nne zinaweza kuonekana chache. Lakini timu inayofika fainali katika mashindano ya siku mbili hucheza michezo sita, na kila mmoja huchezwa kwa mbio kama za mtu anayekimbilia handaki. Kati ya mchezo na mchezo kuna saa chache tu za kupumzika, kufungwa bandeji na kusahau yaliyopita. Afisa yeyote aliyewahi kuongoza doria ya watu wachache mbali na kambi ataelewa upesi kwamba hapa kinachotakiwa si misuli pekee. Ni watu wachache wanaojuana, wenye pumzi, na wasiohitaji kupigiwa kelele ili wajue la kufanya.

Benjamin Ayimba alizaliwa mwaka 1976 na kusoma katika shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya, mojawapo ya shule kongwe za nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1906. Raga ya Kenya kwa miaka mingi ilikuwa mchezo wa Wazungu na vilabu vyao, na ilipowafikia Waafrika iliwafikia kwanza kwa njia ya shule za bweni kama hiyo. Ndiyo maana mpaka leo ukifuatilia asili ya mchezaji mkubwa wa Kenya, mara nyingi utaishia kwenye kiwanja cha shule ya sekondari, pamoja na mwalimu mmoja aliyekuwa akibaki na wavulana baada ya masomo. Ayimba akatoka huko akaingia klabu ya Impala ya Nairobi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, wa kundi la wale wanaogombea mpira katikati ya msongamano, wala hakuwa mmoja wa wale wembamba wanaosubiri pembeni kukimbia. Baadaye alicheza Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates, na katika timu ya taifa akapewa unahodha.

Mwaka 2006 alikabidhiwa timu ya taifa ya wachezaji saba akiwa kocha. Hakuwa ametimiza miaka thelathini au ndiyo kwanza anaitimiza, na baadhi ya vijana waliokuwa chini yake hawakuwa mbali naye kwa umri. Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulie kidogo, kwa kuwa ni hali inayofanana sana na ya afisa kijana anayepewa kuongoza watu ambao jana alikuwa akila nao mezani. Wako wanaolitatua tatizo hilo kwa ukali wa kupita kiasi, na wako wanaolitatua kwa urafiki wa kupita kiasi. Wote wawili huharibu kikosi.

Timu aliyoipokea ilikuwa imezoea kusifiwa kwa ujasiri na kurudi nyumbani mapema. Katika mashindano ya dunia ya kila mwaka, ambayo husafiri kutoka nchi hata nchi, Kenya ilikuwa mgeni anayependwa na watazamaji na asiyeogopwa na wapinzani. Miaka mitatu baadaye sura hiyo ilibadilika. Machi 2009 Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba lilichezwa Dubai. Katika robo fainali Kenya ilikutana na Fiji, waliokuwa mabingwa watetezi wa kombe hilo. Hapana budi tuseme neno juu ya Fiji. Ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki vyenye watu wasiofika milioni moja. Askari wake walianza kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa nchini Lebanon mwaka 1978, na katika visiwa hivyo timu za jeshi na polisi ni miongoni mwa vitalu vya wachezaji wa taifa. Wafiji huucheza mchezo huu kama kwamba waliuvumbua wao. Siku hiyo Kenya iliwafunga pointi 26 kwa 7.

Katika nusu fainali Argentina iliwazuia Wakenya wasipate hata pointi moja, ikashinda 12 kwa 0, na kombe likachukuliwa na Wales. Lakini nchi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefika katika timu nne bora za dunia, jambo lililokuwa halijapata kutokea. Mwezi uliofuata, mjini Adelaide huko Australia, vijana hao hao waliingia fainali yao ya kwanza katika mashindano ya kila mwaka, wakafungwa na Afrika ya Kusini.

Wakati wa kuandika habari za michezo watu hupenda kuhesabu vikombe. Sisi tungependa kuhesabu watu. Katika kikosi kilichokwenda Dubai walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, Humphrey Kayange na Collins Injera. Injera aliingia timu ya taifa mwaka ule ule wa 2006 Ayimba alipoanza kufundisha, naye alikuja kufunga trai nyingi kiasi kwamba Mei 2016, jijini London, aliivunja rekodi ya Muargentina Santiago Gómez Cora aliyekuwa na trai 230 katika mashindano ya dunia ya kila mwaka. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mpaka Mwingereza Dan Norton alipompita mwaka 2017, hapakuwa na mtu duniani aliyefunga trai nyingi katika mashindano hayo kuliko kijana huyo wa Kenya. Alikuwamo pia Innocent Simiyu, ambaye habari zake tutazirudia. Kijana hazaliwi na rekodi ya trai 231. Mtu fulani alimchagua alipokuwa hajulikani, akamwacha uwanjani siku alizocheza vibaya, na akamrudisha tena wiki iliyofuata. Uamuzi wa namna hiyo hauandikwi katika ubao wa matokeo, na magazeti huusahau.

Ayimba aliondoka katika kazi hiyo mwaka 2011. Toka hapo mpaka mwaka 2015 timu ilipita katika mikono ya makocha wanne: Mitch Ocholla, Mwingereza Mike Friday, Paul Treu wa Afrika ya Kusini, na Felix Ochieng. Hatusemi kwamba watu hawa hawakufaa. Chini ya Friday, mwaka 2013, Kenya ilifika tena nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow na kumaliza ya nne. Ila makocha wanne katika miaka minne ni wengi mno, na askari wetu wanaweza kukisia hali ya kombania inayobadilishiwa kamanda kila mwaka, kila mmoja akija na namna yake ya kupanga gwaride.

Wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa limetokea. Oktoba 2009 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliamua kuuingiza mchezo huu katika Olimpiki ya mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro. Kila nchi iliyokuwa na wachezaji saba wa kukimbia ilianza kutia fedha. Nchi tajiri ziliajiri wachezaji kwa mishahara ya mwaka mzima, zikawapa madaktari, wapishi na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Kenya ikamwita tena Ayimba mwaka 2015. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipatia timu tiketi, nayo ilipatikana Johannesburg mwezi wa Novemba mwaka huo, Kenya ilipoifunga Zimbabwe katika fainali ya Afrika kwa tofauti ndogo ambayo hakuna Mkenya aliyeitazama akiwa amekaa.

Ikaja Singapore. Tarehe 17 Aprili 2016 Kenya iliingia fainali ya mashindano ya huko, na waliokuwa ng'ambo ya mstari ni Wafiji tena. Wao ndio waliokuwa mabingwa wa dunia wa msimu uliotangulia, na msimu huo pia walimaliza wakiwa mabingwa. Nahodha wa Kenya alikuwa Andrew Amonde, mtu wa kazi ngumu kama alivyokuwa kocha wake enzi zake. Wale waliotegemea kuona Kenya ikijitahidi kwa heshima na kufungwa waliona jambo jingine kabisa. Wakenya waliwanyima Wafiji mpira. Mtu wa Fiji akishika, wawili wamemfikia. Akitaka kumpa mwenzake, yule mwenzake tayari ana mtu kifuani. Injera alifunga trai mbili. Mchezo ulipokwisha ubao ulisoma Kenya 30, Fiji 7.

Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika mashindano ya dunia ya kila mwaka tangu ianze kushiriki, na aliyeliongoza jeshi hilo dogo alikuwa Mkenya, aliyesoma Kenya, aliyejifunza kazi yake kwa kuifanya. Usiku ule Nairobi haikulala. Sisi wa nchi jirani, ambao kwa kawaida hatuoni haja ya kuwapigia Wakenya makofi, siku ile tuliwapigia.

Basi ilikuwaje miezi minne baadaye mambo yakaharibika? Agosti 2016, Rio, Kenya ilifungwa michezo yake yote mitatu ya kundi: na New Zealand, na Uingereza, na Japan. Mchezo wa mwisho wakaifunga Brazil, wenyeji, wakashika nafasi ya 11 kati ya timu 12. Fiji, wale wale waliofungwa Singapore, wakaifunga Uingereza 43 kwa 7 katika fainali na kujipatia medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao. Baada ya mashindano Ayimba hakuendelea, na timu akapewa Simiyu, mchezaji wake wa zamani.

Wapo waliosema kocha alibweteka baada ya Singapore. Wapo waliosema wachezaji walikuwa wamechoka, wakiwa wametoka katika msimu mrefu. Msafara mzima wa Kenya kwenda Rio, si wa raga peke yake, ulikuwa na vurugu za uongozi kiasi kwamba Serikali ya nchi hiyo iliamua kuivunja kamati yake ya Olimpiki mwezi ule ule. Maoni yetu ni kwamba timu inayokuja kushangaza watu huweza kushangaza mara moja. Mara ya pili wapinzani wamekwisha kuisoma. Singapore Wakenya walikuwa mshambuliaji aliyetokea kichakani. Rio kila mtu alijua wako kichaka gani. Kuwashinda wakubwa siku moja ni kazi ya kocha na vijana wake, lakini kuwashinda kila wiki hutaka madaktari, chakula, mishahara inayofika kwa wakati na wachezaji thelathini wa kuchagua badala ya kumi na watano. Kocha hawezi kuyatoa hayo mfukoni mwake. Hata hivyo, katika michezo kama katika vita, barua ya kuondolewa huandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Watu hulichukulia jambo la Simiyu kupewa timu kama kwamba lilikuwa aibu kwa Ayimba. Sisi tunaliona kwa namna tofauti. Mtu aliyefundishwa na Ayimba alikuwa tayari kuongoza timu ya taifa kubwa la raga la Afrika Mashariki, wala haikuhitajika kutafuta mgeni. Mwaka 2018 Simiyu aliiongoza Kenya kufika fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong, na zote mbili wakafungwa na Fiji. Mwalimu anayeacha nyuma yake mwalimu mwingine ameacha kitu ambacho barua haiwezi kukiondoa. Tunawaomba maafisa wa michezo katika vikosi vyetu walifikirie hili wakati wanapoandika taarifa za mwisho wa mwaka: vikombe vingapi, ndiyo, lakini pia makoplo wangapi sasa waweza kuiendesha timu siku ambayo sajenti wa michezo amehamishwa.

Benjamin Ayimba alifariki dunia tarehe 21 Mei 2021, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 44. Ugonjwa uliomwua ni malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa amelazwa kwa muda, na wapenzi wa raga nchini mwake walikuwa wakichangishana fedha za matibabu. Mtu aliyepambana na majitu ya Pasifiki na ya Ulaya kwa miaka mingi bila ya kurudi nyuma aliangushwa na mbu. Tunalitaja hili bila ya kupepesa macho, kwa sababu katika kambi zetu bado kuna vijana wenye afya njema wanaodhani kwamba kifua kipana ni kinga ya homa, na ambao neti waliyopewa wameigeuza kamba ya kuanikia nguo. Malaria ya kichwa haimpi mtu nafasi ya kujigamba. Homa, kichwa kuuma, maneno yasiyoeleweka: huyo apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, si baada ya gwaride.

Miezi miwili baada ya kifo chake, Julai 2021, ilichezwa Olimpiki ya Tokyo iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kocha wa Kenya alikuwa Innocent Simiyu, aliyekuwa amerudishwa kazini. Andrew Amonde alikuwa mmoja wa manahodha, na Collins Injera, kijana wa mwaka 2006, alikuwa bado anakimbia. Mwezi huo huo, katika mji huo huo, Humphrey Kayange alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Uwanjani Kenya ilianza vibaya tena, ikafungwa michezo yote mitatu ya kundi, na wengi wakadhani ni Rio inajirudia. Kisha wakakutana na Japan, wenyeji, ambao miaka mitano nyuma walikuwa wamewafunga. Safari hii Kenya ilishinda 21 kwa 7, na katika mchezo wa mwisho ikaifunga Ireland, ikashika nafasi ya 9.